Upinde wa kuchonga: mkone, mvinje au ubao wenye mwanzi? Naomba waliowahi, hapa hapa Mombasa

MlengaKisauni
Salaam aleikum wakuu. Nataka kuchonga upinde kwa mkono wangu. Si wa kuwindia, ni wa kulenga gunia la makumbi shambani kwa babu, Mtwapa. Nataka nguvu ya ratili 35 hadi 40, yaani kilo 16 hadi 18 upote, ile kamba ya upinde, ukivutwa hadi shavuni.

Video zote nilizotazama wanataja miti ya hickory, yew na osage. Hiyo kwetu utaitoa wapi? Nimebaki na njia tatu: kijiti cha mkone, ule mti wa vichakani, kipande kimoja ncha hadi ncha; mvinje, maana jirani ya babu ana shamba zima na anauza kwa bei ya nguzo; au ubao wa dukani niugandishe ubapa wa mwanzi mgongoni.

Ubao mtupu nishajaribu. Niliapiwa dukani kuwa ni mkavu. Nikachonga siku nne, nikautia upote asubuhi, na jioni nilipoutoa upinde ukabaki umepinda vile vile kama mkia wa paka. Haukuvunjika, haukupasuka. Umekataa tu kunyooka. Kosa langu liko wapi?

FundiTezo
Waaleikum salaam. Kosa si lako, ni la hewa ya Mombasa, na la huyo aliyekuapia.

Kabla ya kuuliza mti gani, uliza una maji kiasi gani. Mbao ikikaa wazi hapa pwani, hata miaka miwili, inatulia kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15 hivi. Upinde unataka 8 hadi 10. Hao wa kwenye video wako kwenye nyumba zenye joto la mashine wakati wa baridi, mbao zao hukauka bila wao kujua. Wewe uko Kisauni, chumvi ya mezani yenyewe hugandana kwenye chupa.

Ukiupinda upinde, mgongo (upande unaotazama shabaha) unavutwa na tumbo (upande unaokutazama wewe) linabanwa. Tumbo likiwa na maji, nyuzi zake hubonyea na haziinuki tena. Ndio huo mkia wa paka.

Fanya hivi. Chonga umbo kwa tezo, acha nyama kidogo, kisha weka kijiti darini chini ya mabati. Kila jioni kipime kwa mizani ya jikoni ile ya gramu, uandike ukutani. Kitakuwa kinapungua, kinapungua, halafu kitasimama. Kikisimama siku tano ndipo uanze kukipinda. Na ufanye kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Ukianza masika utaandika ukuta wote.

MlengaKisauni
Mizani ya jikoni ni ya mama watoto. Ila nimekuelewa.

Mjukuu_wa_Kinango
Mimi nasimama na mkone, na sisemi kwa kusikia. Babu yangu alikuwa na upinde wa mkone nyuma ya mlango, nimekua nikiuona. Wakamba nao wana mti wa jamii hiyo hiyo, na hata Wahadza kule Ziwa Eyasi, Tanzania, wanautumia katika pinde zao. Watu wote hao hawakukutana kwenye kikao wakakubaliana.

Uzuri wake ni huu: unachukua mche ulionyooka, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mtu mzima. Unaumenya gamba, na ule uso laini unaokutana nao chini ya gamba ndio mgongo wa upinde. Usiuguse. Hata kwa msasa. Kazi yote ya randa na tupa ifanyike upande wa tumbo. Ukikata nyuzi za mgongoni pahali pamoja tu, ufa utaanzia hapo, na utasikia sauti kabla hujaona.

Ukishakata, zipake rangi ncha mbili siku hiyo hiyo, rangi yoyote iliyobaki nyumbani. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha, na hapo ndipo mti hupasuka.

Ubaya wake: kupata mche wa futi tano na nusu usio na kifundo wala tundu la mdudu ni kutembea. Mimi nilitembea asubuhi nzima nikarudi na miche miwili.

BintiMwembe
Kutembea hiyo asubuhi ndiyo iliyonifanya nichague mwanzi, kaka. Mimi naishi ghorofa ya tatu, msitu wangu ni soko.

Nilichukua ubao wenye nyuzi zilizonyooka. Nilimchosha muuzaji, nilipindua mbao arubaini hivi, nikawa naangalia ubavuni kama mistari inatoka ncha mpaka ncha au inakimbilia pembeni. Mbao thelathini na tisa zilikimbia. Mwanzi nilipewa bure na anayetengeneza matenga. Huu wetu wa pwani, wa manjano wenye michirizi ya kijani, una wanga mwingi na wadudu wanaupenda, kwa hiyo niliuloweka kwenye pipa wiki mbili nikibadilisha maji. Harufu yake, msiniulize. Majirani waliuliza.

Kisha nikaukausha, nikausawazisha upande wa ndani kwa randa mpaka ukawa mwembamba kama kifuniko cha daftari gumu, nikaugandisha kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya mbili, na kuufunga kwa mipira ya baiskeli iliyokatwa. Ile gundi nyeupe ya mafundi msitumie, nayo inakunywa unyevu. Na wale wanaosifu kano za ng'ombe na gundi ya ngozi mgongoni, hiyo ni ya nchi kavu. Masika ya hapa itakuwa supu.

Upinde wangu ni ratili 32, una mwaka na miezi. Umejikunja kidogo sana, kama vidole viwili ukiulaza mezani.

FundiTezo
Vidole viwili kwa Mombasa ni kazi safi, dada. Ila mweleze na upande wa pili: mwanzi una nguvu sana ya kuvutwa. Ukiwa mnene juu ya ubao laini kama saiprasi au paini, mwanzi utalishinda tumbo, nalo litavunjika kwa kukunjamana. Utaona mistari midogo ya kukingama, kama ngozi ya kiwiko. Ukiiona hiyo, upinde umeshakufa hata kama bado unarusha.

Chande_wa_Likoni
Jamani kuna paipu za plastiki dukani. Unapasha moto, unabonyeza, nusu saa unarusha. Mnahangaika na nini?

BintiMwembe
Mada inasema kuchonga, mwalimu.

Chande_wa_Likoni
Sawa, nimekaa.

MlengaKisauni
Na mvinje jamani? Hamna aliyegusa. Ndio nilio nao karibu.

Mjukuu_wa_Kinango
Mvinje mzito, mgumu, na ukikauka unapasuka kwa kuzunguka. Nimepoteza mitatu. Mwachie mjenga nyumba.

FundiTezo
Naunga mkono. Labda uupasue kati ukiwa mbichi kwa kabari, si kwa msumeno, uone nyuzi zinaelekea wapi. Kama mpasuko umejisokota, tia jikoni upikie wali.

Babu_Mchongaji
Mimi ni wa vinyago, si wa pinde, lakini mti ni mti. Yasikieni mawili ya sheria kwanza. Msimwambie kijana aingie kaya, ile misitu mitakatifu, kukata mkone. Kaya za Mijikenda zimo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008, na kabla ya UNESCO walikuwepo wazee. Mikoko nayo haikatwi bila kibali. Kata kwenye shamba la mtu, kwa ruhusa yake. Na uwindaji nchi hii ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo gunia la makumbi ndiyo nyama yako.

Halafu kuna jambo watu wanalidharau. Mnazungumza ratili 35. Waata, wale wawindaji wa huko Tsavo, walikuwa wakivuta pinde za zaidi ya ratili 100, za mti mtupu, wakiangusha ndovu kwa mishale ya sumu. Hapakuwa na epoksi hapo. Kilichokuwepo ni subira ya kusawazisha pande mbili. Mombasa hii hii mwaka 1505 Wareno walipokuja na mizinga, wenyeji waliwapokea kwa mawe na mishale. Kwa hiyo msiniambie upinde ni mambo ya video.

MlengaKisauni
Shikamoo babu. Hiyo ya kusawazisha ndiyo inayoniumiza kichwa. Nitajuaje upande upi ni mgumu?

Babu_Mchongaji
Marahaba. Uweke upinde juu ya ukingo wa mlango au kigingi, mshiko katikati, ufunge kamba ndefu iliyolegea kwenye ncha mbili, uvute kuelekea chini huku umesimama mbali. Mbali, ili uone umbo lote. Pasipokunjika, hapo ndipo pa kuparua. Panapokunjika sana, usipaguse tena mpaka wenzake wafike.

Ukiparua mara tano sita, vuta mara thelathini fupi fupi ndipo uangalie upya. Mti unachelewa kutoa habari. Na kamwe usivute kuzidi ile nguvu unayoitaka mwisho, hata kwa kujaribu, mradi upinde haujakamilika.

FundiTezo
Na usiuachie upote bila mshale. Mtoto wa dada yangu aliuachia wangu mara moja tu mtupu, ncha ikaruka mpaka kwa jirani.

Ukimaliza, banika tumbo juu ya makaa, umbali wa shubiri moja, taratibu mpaka ligeuke rangi ya chai ya maziwa. Mgongo usiupashe. Tumbo lililobanikwa ni gumu zaidi na halinyonyi unyevu sana. Uache wiki upumzike, kisha vanishi. Mafuta ya nazi hayakauki, utabaki na upinde unaonukia kama maharusi.

BintiMwembe
Basi mwenzetu umeamua nini?

MlengaKisauni
Mkone. Jirani wa babu kumbe ana vichaka viwili nyuma ya zizi la mbuzi na mwenyewe anaviona kero. Nimekata miche mitatu, ncha nimepaka rangi ya geti, ya kijani. Mmoja nimeshauparua umbo, mizani ya leo ni gramu 1,240. Jana ilikuwa 1,262. Mama watoto ameniuliza mbona mizani inanuka mti, nikamwambia nitamjibu ikisimama.

Mjukuu_wa_Kinango
Mmoja wa ile miche miwili iliyobaki, kama hutautumia, nauhitaji. Nipo Kinango mpaka Jumapili.