Mjadala: Jina la Lewis Wetzel libaki kwenye kaunti?

Mleta mada:
Wakuu, West Virginia kule Marekani kuna kaunti inaitwa Wetzel tangu 1846. Ni jina la Lewis Wetzel, aliyezaliwa 1763, mpelelezi wa walowezi wa bonde la mto Ohio. Alisifika kwa kushindilia gobore huku anakimbia. Anayemfukuza akidhani bunduki ni tupu, anakutana na risasi nyingine. Aliwawinda Wahindi Wekundu na kuwachuna ngozi za vichwa.

Mimi nasema jina liondoke. Idadi ya aliowaua siingii, kila msimulizi ana yake. Kinachoniuma ni Fort Harmar, ngome ya jeshi la Marekani kando ya mto Ohio. Mwishoni mwa miaka ya 1780 machifu waliitwa pale kwa mazungumzo ya amani, mkataba ukatiwa saini Januari 1789. Kipindi hicho hicho Wetzel akamvizia Tegunteh, Mhindi Mwekundu wa kabila la Seneca ambaye wazungu walimwita George Washington, akamuua kwa risasi. Watu wameitwa kwa amani, yeye anavizia njiani!

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unahukumu ukiwa umekaa sebuleni. Mwaka 1777, akiwa na miaka 13 hivi, Wetzel alitekwa na Wahindi pamoja na mdogo wake Jacob, wakatoroka. Baadaye baba yao naye akauawa na Wahindi. Ulitaka awe mpole? Familia za walowezi wa Wheeling, pale bonde la Ohio, zililala usingizi kwa sababu ya watu kama yeye. Huwezi kumpima mtu wa karne ya 18 kwa mizani ya leo.

Mleta mada:
Ndugu yangu, msiba wake naukubali. Mtoto akipitia hayo, moyo haubaki mzima. Lakini hiyo unayoiita mizani ya leo ilikuwepo siku zile zile. Aliyeamuru Wetzel akamatwe kwa mauaji ni Jenerali Josiah Harmar, mzungu mwenzake, kamanda wa jeshi la nchi yake. Alikamatwa, akatoroka. Akakamatwa tena, walowezi wakaja juu, wakatishia kumtoa kwa nguvu, akaachiwa. Wenzake walijua ni mauaji. Kilichomwokoa ni wingi wa watu mlangoni.

Mchangiaji wa pili:
Mnasema visasi kana kwamba upande mmoja ndio uliofiwa. Machi 1782, kijiji cha Gnadenhutten huko Ohio, wanamgambo wa Pennsylvania waliua Wahindi Wekundu 96 wa kabila la Delaware, Wakristo wasio na silaha, wengi wao wanawake na watoto. Hakuna aliyeadhibiwa. Wale nao walikuwa na baba zao. Hata hivyo jina nisingelifuta. Ningeweka kibao pale kaunti, kisimulie habari ya Tegunteh.

Mleta mada:
Kibao hakitoshi, mkuu. Mwaka 1942 mabaki ya Wetzel yalifukuliwa Mississippi, yakarudishwa West Virginia kuzikwa upya. Heshima hiyo inatosha kwa aliyefiwa na baba. Jina la kaunti wapewe wengine.