MP3 na mvumo wa kinanda cha umeme

Swali, kutoka Sinza:
Ndugu zangu, nikigeuza rekodi ya kinanda changu cha umeme kuwa MP3 ya kbps 128 (kilobiti za data kwa sekunde), mvumo wa juu, ule unaofanana na mvua juu ya bati, hugeuka mchakacho wa majimaji. Je, kosa ni langu?

Jibu:
La, ndugu. MP3 hutupa sauti zinazokadiriwa kwamba sikio halitazisikia, na kwa kiwango hicho programu nyingi hukata zenye masafa ya juu ya takriban kHz 16, yaani zile nyembamba kabisa. Mvumo usio na noti huumia kwanza, ilhali besi hubaki karibu salama.

Jibu:
Mdundo wa ghafla nao huweza kutanguliwa na mwangwi hafifu. Tumia kbps 320, na nakala ya asili uihifadhi kwa FLAC, aina ya faili ya sauti isiyopoteza chochote. Spika za daladala, hata hivyo, hazitakuonyesha tofauti.