Dar hadi Arusha na Land Rover 14: tupite Chalinze, Bagamoyo–Msata au Dodoma?

Mratibu109

Wakuu, salaam. Msafara wetu wa kwenda Arusha kwenye mkusanyiko wa kitaifa wa wapenzi wa Land Rover umefikia magari 14: Defender 110 sita zenye injini ya dizeli ya 300Tdi, Defender nne zenye injini ya dizeli ya Td5, Discovery mbili za 300Tdi, na Series III mbili za petroli (za zamani zaidi), moja ndefu ya 109 na nyingine fupi ya 88. Tunatoka Dar Alhamisi, na Ijumaa jioni tunatakiwa tuwe uwanjani. Njia ni tatu:

1. Kibaha, Chalinze, Segera, Same, Moshi, Arusha. Kiasi cha km 630.
2. Bagamoyo hadi Msata, halafu unaungana na njia ya kwanza. Kilomita zinapungua kidogo tu.
3. Morogoro, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha. Kiasi cha km 870.

Kila mtu anatetea njia aliyoizoea. Naomba hoja zenye namba, siyo "ile ni nzuri zaidi".

Springi_ya_Majani

Mkuu, anza na gari linalokwenda polepole kuliko yote, barabara baadaye. Series III ya petroli yenye injini ya 2.25 inatulia kwenye 70 hadi 75 kwa saa. Ukiilazimisha 90 siku nzima inakula oili na unaipandisha joto bure. Ukihesabu na vijiji vyote vyenye kibao cha 50, wastani wako wa kweli ni 55 hivi. Gawanya: 630 kwa 55 ni saa 11 na nusu za kutembea, bila kituo hata kimoja. 870 kwa 55 ni karibu saa 16. Kwa hiyo njia ya tatu ni siku mbili kamili, na njia ya kwanza na ya pili ni siku moja ndefu au siku mbili za starehe.

Halafu mafuta. 88 ina tanki la lita 45 chini ya kiti. Inakunywa lita 18 hadi 20 kwa km 100, maana yake tanki zima ni km 225 hadi 250, na za kutegemea ni 180. Vituo vyake vijulikane kabla ya kuondoka: Msata, Segera, Same, Moshi. Wenye 300Tdi wataona wanasimamishwa ovyo, kwa sababu lita 10 hadi 11 kwa km 100 zinawafikisha Arusha kwa tanki moja. Wavumilie tu. Na petroli ya akiba ikae kwenye dumu la chuma lenye mfuniko wa kubana. Dumu la mafuta ya kula ndani ya gari lenye jua la Korogwe ni bomu.

BiDizeli

Naunga mkono Bagamoyo–Msata. Kimara hadi Kibaha ni njia nane, raha tupu. Shida inaanza baada ya Kibaha: barabara inabaki ya njia mbili, na hapo ndipo malori yote ya Morogoro, Iringa, Tunduma na Dodoma yanapopita, pamoja na foleni ya mizani ya Vigwaza. Land Rover haziingii mizani, lakini foleni ya malori haikuulizi unaendesha nini. Msafara wa magari 14 hapo unakatika vipande ndani ya nusu saa.

Bagamoyo–Msata ni km 64 za lami yenye malori machache. Mnakutana Bunju saa kumi na moja alfajiri kabla ya daladala kujaa barabara, mnajaza Bagamoyo, saa mbili mko Msata. Msimu wa masika tu ndiyo uulize kwanza hali ya bonde la Ruvu kule Makurunge. Ukiacha hilo, sioni sababu ya kupita Chalinze, labda kwa wanaotoka Kibaha na Mbezi. Hao wapite kwao, mkutane Msata.

FundiRejeta

Dada kasema vizuri kuhusu foleni, ila kuna jambo kubwa zaidi: 300Tdi nane kwenye foleni ya polepole, saa sita mchana, feni klachi (kiungo kinachoizungusha feni ya rejeta) imechoka. Hapo ndipo zinapochemsha. Kwenye mwendo wa 80 upepo wenyewe unapoza rejeta. Kwenye mwendo wa kutambaa unategemea feni peke yake.

Kabla ya safari, kila 300Tdi ipite hapa. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa tanki dogo la kulanti, kizibo cha juu ya rejeta, na kizibo cha juu ya nyumba ya thamostati. Mimina kulanti kupitia nyumba ya thamostati taratibu mpaka viputo viishe. Ikijaa, funga hapo na pale kwenye rejeta, kisha malizia kwenye tanki dogo. Mfumo mzima ni kama lita 11.5, nusu kulanti nusu maji safi. Anayejaza kupitia tanki dogo peke yake anaacha hewa kwenye silinda hedi, na hewa hiyo ndiyo inayounguza gasketi akifika kwenye kilima cha kwanza. Kizibo cha plastiki cha rejeta kikiwa na nyufa kwenye mdomo wa spana, weka cha shaba. Ni kitu kidogo, lakini kikipasuka porini huna la kufanya.

Msiamini geji ya moto. Maji yakipungua sana, sensa inabaki kwenye hewa, na mshale unaweza hata kushuka huku hedi inaiva. Kinachosema kweli ni king'ora cha kiwango cha maji ukikifunga, au macho yako kila kituo.

Angalia pia gasketi inayoitwa P, nyuma ya pampu ya maji upande wa alteneta. Ukiona mstari wa kulanti iliyokauka pale, badilisha sasa. Na taimingi belti: kama huna kumbukumbu ya ilibadilishwa lini, chukulia haijabadilishwa. Kilomita 120,000 za kitabu ni za barabara za wenzetu, kwa vumbi letu usivuke 60,000. Injini za mwanzo za 300Tdi puli zake zilikuwa haziko mstari mmoja na zilikuwa zinakula ukingo wa belti, kwa hiyo ukifungua kifuniko ukakuta unga mweusi, hiyo ndiyo dalili.

Bereko

Nitetee Dodoma kidogo, naona imetupwa haraka. Lami ya Dodoma–Babati ilizinduliwa 2018, km 251, na malori ni machache kuliko ile ya Segera. Joto pia: ukishapita Gairo uko juu, na unabaki juu mpaka Arusha. Njia ya Segera inakuweka bondeni kutoka Wami mpaka Mombo na kuendelea, kule kwenye mkonge, jua likiwa utosini. Halafu kama uwanja utakuwa upande wa Kisongo, anayetoka Babati anafika bila kukatiza mji wa Arusha. Anayetoka Moshi lazima apite Usa River, Tengeru na foleni yote ya jioni. Na pale Kolo mnaweza kusimama kuangalia michoro ya miambani, ni urithi wa dunia tangu 2006.

Springi_ya_Majani

Bereko, vilima umevisahau. Dumila hadi Gairo, halafu Kondoa hadi Bereko kwenyewe. 88 yenye petroli inapanda hapo gia ya tatu, wakati mwingine ya pili, na kabureta iliyo karibu na eksozi inatengeneza mvuke kwenye paipu ya mafuta. Gari linazima kama limekatwa mafuta, ukisubiri dakika 20 linawaka. Dawa ni kusogeza paipu mbali na bomba la moto na kuivisha kitambaa kisichoungua. Wenye haraka hulowesha tambara wakalifunga juu ya pampu ya mafuta.

Petroli yake kwa njia yako: lita 165 kwa 88 moja. Kwa Segera ni 120.

BiDizeli

Tena Babati hadi Makuyuni unapita Kwakuchinja, wanyama wanavuka kati ya Tarangire na Manyara. Ukichelewa ukapita hapo giza limeingia na taa za Lucas zile za njano, twiga humuoni mpaka umemfikia. Hiyo njia iwe ya kurudia, kwa wasio na haraka ya kazini Jumatatu.

KidoleGrisi

Mnabishana barabara, wakati msafara wa magari 14 kwenye mstari mmoja haufai kwenye njia yoyote. Kwa mwendo wa 75, sekunde tatu kati ya gari na gari ni mita 60 na kitu. Zidisha mara 13, una karibu mita 810 bila kuhesabu urefu wa magari. Basi la mikoani haliwezi kuwapita salama, na litajaribu tu. Gawa makundi matatu: 5, 5, 4. Yaachane dakika 10, ambazo kwa mwendo huo ni km 12 na nusu. Series zote mbili zikae kundi la kwanza na ziongoze. Ukiziweka nyuma, wa mbele watakimbia bila kujua. Gari la mwisho la kundi la tatu ndilo libebe fundi, shekeli, kamba na sanduku la spea, kwa sababu kila atakayeharibikiwa atakuwa mbele yake. Sanduku likiwa gari la kwanza mtalirudisha km 30 kulifuata gari lililokufa.

Spea zenyewe, kwa Td5: sensa ya krenki, maana ikichoka injini inazima ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa, pampu ya mafuta ya ndani ya tanki moja, na waya wa nozeli wa chini ya kifuniko cha valvu. Kabla ya safari chomoa plagi nyekundu ya kompyuta chini ya kiti. Ukikuta oili, waya huo umeshaanza kupitisha. Safisha plagi kwa spirei ya umeme ili ufike, lakini ubadilishe waya. Kwa 300Tdi: hozi ya juu na ya chini, fenibelti, thamostati, pampu ya maji na gasketi yake, filta ya dizeli, pampu ndogo ya mkono pembeni ya injini. Uma wa klachi hubebi, kwa sababu kuubadilisha lazima giaboksi ishuke. Kama pedali imeanza kushuka chini kuliko kawaida na haidroliki ni nzima, uma umetobolewa, gari hilo lisitoke Dar.

Kwa Series: pointi, kondensa, rota na koili moja. Uwazi wa pointi ni milimita 0.35 hadi 0.40. Huna fila geji (bapa za kupimia uwazi), kadi ya laini ya simu si kipimo, usidanganyane.

Mratibu109

Asante wakuu. Dodoma nimeiondoa kwenye kwenda. Maswali mawili. Kuna mwanachama anataka 88 ipakiwe kwenye lobedi (trela la kubebea magari) mpaka Moshi. Na hafu shafti (shafti ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu) ikikatika njiani tunafanyaje, tunavuta?

Springi_ya_Majani

Lobedi ina maana kama breki au giaboksi haijaaminika. Gari zima likipakiwa, kamba zifungwe kwenye ekseli, siyo kwenye chasisi. Ukifunga kwenye chasisi, springi zinacheza barabara nzima na kamba zinalegea.

Hafu shafti haihitaji kuvutwa. Ya nyuma ikikatika kwenye Defender, ingiza difu loki ya kati (inayofunga mbele na nyuma vizunguke pamoja), toa propela ya nyuma (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), chomoa shafti zote mbili za nyuma pamoja na kipande kilichobaki, funika vichwa vya habu visiingize vumbi, na gari linatembea kwa magurudumu ya mbele. Series ni vilevile, badala ya difu loki unabonyeza kifundo cha njano. Polepole, 50 kwa saa, na kona kali usikate kwa nguvu. Kipande kilichokatika usikiache ndani, kinasaga difu.

FundiRejeta

Kila kituo, kabla hamjaingia kwenye chai, weka mgongo wa mkono kwenye habu nne. Linganisha kushoto na kulia. Inayochoma peke yake ni beringi au breki inayoshika. Spana ya 52 ya nati za habu iwe moja kwa msafara mzima, inatosha.

Mteremko wa kuingia Wami, na ule wa daraja la Kikafu baada ya Moshi, shukeni kwa gia ya tatu. Kikafu ina kona na inafika wakati breki zimeshachoka na madereva wamechoka zaidi. Ndiyo maana nashauri mlale Same au Moshi, mmalizie asubuhi. Same hadi Mwanga upepo wa ubavu ni mkali, mwenye kontena la juu ya paa apunguze mwendo.

Upepo wa matairi ya 7.50R16 kwa 110 iliyobeba: mbele psi 28, nyuma 48. Pima asubuhi kabla ya kutembea.

Mratibu109

Basi: Bunju saa kumi na moja, Bagamoyo–Msata, makundi matatu, tunalala Same. Kuna kingine cha kuangalia Msata zaidi ya mafuta?

KidoleGrisi

Nati za magurudumu. Wengi wamepaka rimu za chuma rangi mpya kwa ajili ya maonyesho, na rangi iliyobaki kwenye viti vya nati inabonyea baada ya kilomita za kwanza, nati zinalegea. Spana ya 27, gari likiwa chini, kaza kwa msalaba, Nm 108. Gari lenye rangi mpya lirudiwe tena Segera.