Kituo cha jioni Mwanga, Kigoma, kinanilazimisha kusoma QT (mtihani wa kupimwa kabla ya fomu foo), ni kweli lazima?

mamaDagaa_KGM
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana hapa nilipo nimechanganyikiwa. Mimi naishi Kigoma mjini, kazi yangu dagaa pale Kibirizi, nanunua mwaloni naanika nauza kwa watu wa Tabora na Kahama. Shule niliishia kidato cha tatu, mwaka 2017 nilifanya ule mtihani wa kidato cha pili na mwaka uliofuata nikaingia fomu srii lakini sikumaliza hata muhula wa kwanza, mambo ya nyumbani. Sasa mtoto ameshaanza shule na mimi nataka cheti cha fomu foo, lengo langu ni kozi ya uuguzi au maabara.

Kuna kituo cha watu binafsi maeneo ya Mwanga, wana vyumba viwili juu ya maduka, nimeenda kuulizia wakaniambia lazima nianze na QT mwaka mzima ndio mwakani nisajiliwe fomu foo. Ada ya miaka miwili na wanataka nusu niweke sasa hivi. Nikimuuliza yule wa mapokezi namba ya kituo cha mtihani anasema "usijali dada mambo ya mtihani tuachie sisi". Je ni kweli lazima QT? Na masomo ya sayansi nitayaweza kwa kusoma jioni tu?

Mnyamwezi_halisi
Weka pesa yako kwanza mfukoni dada. Ukishasikia "tuachie sisi" hiyo ni biashara tayari.

ticha_wa_jioni
Dada pole na hongera kwa kuamua. Mimi nafundisha vituo vya hivi huku Tabora, nitakwambia ninavyojua.

QT ni hasa ya mtu ambaye hana sekondari, kamaliza la saba akakaa mtaani, huyo ndio anapimwa kwanza kama anaweza kubeba masomo ya kidato cha nne. Wewe una matokeo ya kidato cha pili, na kama uliingia fomu srii kihalali maana yake ulivuka, kwa hiyo unaingia moja kwa moja kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fungua tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), tafuta FTNA 2017 (ndio ule mtihani wa kidato cha pili), ingia jina la shule yako utajiona. Piga picha hiyo kurasa, tunza na namba yako ya mtihani ya kipindi kile, utaulizwa wakati wa kusajili.

Halafu tenganisha vitu viwili, watu wengi wanaliwa hapa. Ada ya kituo ni ya kufundishwa. Ada ya mtihani ni ya baraza, inalipwa kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), miaka ya karibuni ilikuwa 50,000 kwa kidato cha nne na 30,000 kwa QT na ukichelewa inapanda. Usajili hufunguliwa Januari, mtihani Novemba. Vituo vya mtihani vya kujitegemea namba zake zinaanza na P, shule zinaanza na S. Wengi wa hivi vya juu ya maduka hawana namba yao, wanawapeleka wanafunzi kufanyia mtihani kwenye shule fulani, sio kosa, ila wakwambie ni shule gani. Unaweza kusoma kwao na ukajisajili mwenyewe kwenye kituo unachokitaka, hakuna sheria inayokufunga.

kibondo_kwetu
Yani ticha kamaliza. Mdogo wangu alilipa ada yote kwenye kituo kimoja (sitaji), ilipofika mwezi wa tano anauliza namba ya mtihani anaambiwa subiri subiri, kumbe hawakumsajili kabisa na dirisha lilishafungwa. Mwaka ukapotea hivihivi. Dai kuona jina lako kwenye mfumo kwa macho yako, risiti ya kituo siyo usajili.

Mnyamwezi_halisi
Na kwa malengo yako usidanganywe na neno "divisheni foo umefaulu". Divisheni foo ni pointi 26 mpaka 33, ukipata D mbili (pointi nne nne) na F tano (pointi tano tano) ni 33, cheti unapewa, lakini chuo cha afya hawakupokei. Wanataka D nne zisizo za dini na ndani yake Kemia, Biolojia na Fizikia ziwepo.

mamaDagaa_KGM
Asanteni sana ndugu zangu, nimejiona FTNA!! Kumbe Biolojia nilipata C. Sasa Fizikia na Hesabu ndio zinanitisha, na Kiingereza nimesahau chote maana mwaloni hatuongei Kiingereza. Na vipi kuhusu maabara, kile kituo hakina hata bomba la maji.

ticha_wa_jioni
Hapo kwenye maabara ndio uwabane kabisa. Sayansi ina mazoezi ya vitendo, huwezi kujifunza kupima asidi na besi kwa kuchorewa ubaoni. Kituo kizuri kinapatana na shule ya jirani Jumamosi, waulize shule gani na lini, wakibabaika ondoka.

Hesabu D inaanzia alama 30. Mtihani una sehemu A ya alama 60 maswali mafupi kumi, na sehemu B ya alama 40. Kwa mtu wa biashara kama wewe ningekuanzisha na hesabu za kutunza vitabu vya biashara, zile za akaunti, daftari lako la madeni ya dagaa ni hilohilo limevaa suti, halafu takwimu, seti, matriksi. Jiometri ya duara iache mwishoni.

Kiingereza: ukitoa somo la Kiswahili karibu mengine yote ni kwa Kiingereza. Usianze na kitabu cha gramma. Chukua pasti pepa (mtihani wa miaka ya nyuma) ya Biolojia, maswali ya "define", "state", "explain", andika jibu lako kwa Kiingereza chako kibovu, mwalimu arekebishe, rudia. Mtu wa kujitegemea hana alama za mazoezi ya shule, mtihani wa Novemba ndio kila kitu.

kibondo_kwetu
Muda sasa, dada atasoma saa ngapi, dagaa wanaanikwa asubuhi na jua.

mamaDagaa_KGM
Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi haiendi kuvua, kazi inapoa kabisa, siku hizo nasoma mchana kutwa. Siku za giza ndio shida, lakini nikishageuza dagaa kwenye vichanja nakaa kuwafukuzia kunguru, daftari naweza kushika.

Mnyamwezi_halisi
Pitia pia ofisi ya Elimu ya Watu Wazima hapo mkoani uulizie ada zao kabla hujamlipa mtu yeyote.

mamaDagaa_KGM
Jumatatu naenda.