Gorila wangu alitoka rangi ya majivu, shida ni objektifu ao ni mimi?

Fotografu_wa_ndoa (Bukavu)

Jambo bandugu na bakubwa wote. Mimi niko Bukavu, napigaka foto za ndoa na za dot (mahari), njo kazi yenye inalisha nyumba. Apareyi ni Canon 600D ya okazyo, objektifu ni mbili: kale kadogo ka 50 mm kenye kanafunguka mpaka 1.8 (namba ndogo njo tundu kubwa la mwangaza), na 75-300 yenye rafiki aliniachia wakati alienda Kampala.

Sasa shida yangu. Kuko bibi na bwana arusi fulani, bana yetu ba huku benye banaishi Ubelgiji, nilipiga ndoa yao, kisha bakaniambia tuende pamoja Tshivanga mu parke ya Kahuzi-Biega kuona gorila ba mulima, niwapige foto za safari. Nikasema hii njo chansi yangu, nitatoka mu foto za keki na shampanye niingie mu foto za nyama. Tulitembea mu mianzi na tope kama masaa mbili, tukabakuta, bakatupatia saa moja yenye inapewaka kila mugeni, mask mu uso, na mimi nikapiga, nikapiga, nikapiga, karibu foto 400. Kufika nyumbani naweka karte mu odinateri moyo unanidunda, nafungua... gorila mweusi tititi ametoka rangi ya majivu, majani ya nyuma nyeupe sawa karatasi, na pale kwenye mwangaza uko muzuri njo uso haiko nete (haionekani wazi), jani la mbele ya pua njo liko nete mpaka unaweza kuhesabu mishipa yake. Za kuonyesha batu zilikuwa sita. SITA. Bibi arusi aliniandikia "yaya, njo hizi tu?" na mimi nikajifanya rezo imekatika.

Kuna mutu ananiambia ninunue objektifu kubwa ya 150-600, lakini bei yake ni ya kujenga chumba na choo. Mbele nitafute hiyo makuta nataka mniambie ukweli, ni objektifu ao ni mimi? Na kama ni mimi, nitajifunza wapi, juu kuingia parke si kitu ya kila wiki, permi ni ya dola na njia leo iko wazi kesho imefungwa.

Mzee_wa_Muhumba

Mudogo, asante kwa kusema ukweli, wengi wanaweka zile sita halafu wananyamaza.

Ni wewe. Lakini usikasirike, juu dawa uko nayo tayari na unaitumia kila siku ya posho, siku ya ndoa, bila kujua. Apareyi haijui gorila, haijui bibi arusi. Yenyewe inapima mwangaza ikifikiri kila kitu mu dunia ni kijivu cha katikati. Ukiielekeza kwenye robe nyeupe inashtuka, inasema mwangaza ni mwingi, inapunguza, na robe inatoka chafu sawa haikufuliwa. Hapo wewe unafanya nini? Unaongeza, najua unaongeza, ile alama ya jumlisha na toa unaipeleka +1, kila fotografu wa ndoa anafanyaka vile. Basi gorila ni kositimi ya bwana arusi! Ni kinyume tu. Apareyi inaona weusi mwingi, inasema huku ni giza, inaongeza, na mnyama anatoka majivu, na majani yenye yalikuwa sawa yanaungua. Peleka -1, angalia, kama bado peleka kidogo tena. Weusi ubaki weusi.

Jambo la pili ndilo lenye litakuuma. Mu pori ulitumia ile 75-300, si ndiyo? Ukiivuta mpaka mwisho inafunguka 5.6 tu, chini ya miti pale ni sawa kupiga ndoa mu pishi. Apareyi ikakupa vitesi ndogo, yaani tundu likabaki wazi muda murefu, mkono ukatetemeka, ukasema haiko nete. Na ile 50 ilikuwa mu sakoshi! Kutoka 5.6 kuja 1.8 unapata mwangaza karibu mara 10. Mara kumi, mudogo. Gorila si ndege, anakaa mita 7 ao 10 mbele yako, na ku 600D ile 50 inaona sawa 80. Piga na 50 kwa 2 ao 2.2, ISO (wepesi wa apareyi kushika mwangaza) 1600, ikikataa panda 3200, vitesi isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, kisha ukate pembeni mu odinateri. Una pikseli milioni 18, zinatosha kabisa kwa kuchapisha.

Kuhusu jani la mbele ya pua: zima zile alama nyingi za fokasi, acha moja tu ya katikati, iweke kwenye jicho. Ukiacha apareyi ichague, mara nyingi itachukua chenye kiko karibu.

Mazoezi? Tafuta mbuzi mweusi. Sitanii. Mbuzi mweusi chini ya muti wa avoka saa kumi na moja jioni ni gorila kamili, na haombi permi. Zamani tulikuwa na gorila hata mu mfuko, wale wa noti ya 50 000 zaïres ya 1991, mimi nilibakisha moja kwa ajili ya ile picha, juu kununua haikununua kitu tena.

Chukudu_Express (Goma)

Mzee amesema yote kwa gorila, na mimi namupa heshima, lakini 50 haitakusaidia siku unataka ndege ao nyama mwenye anakimbia, kwa hiyo usiuzishe ile 75-300, yenyewe ku apareyi yako inafika sawa 480, kwa kuanza ni mingi sana. Ila usiitumie wazi yote ku 300, iko laini laini, funga mpaka 8 na utoke inje kwenye jua.

Mimi nilijifunzaka kufuata kitu chenye kinatembea juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Nilikuwa nasimama kwenye mutelemko, vijana wanashuka na magunia ya viazi ao makala, mimi naweka 1/40, nafuata uso ya kijana na mwili wote, kiuno ndiyo inazunguka si mikono, napiga huku naendelea kuzunguka ata kisha klik. Siku ya kwanza foto mia, nzuri zero. Wiki ya tatu uso iko nete na barabara yote ya nyuma imekuwa mistari mistari. Uombe ruhusa lakini, wale vijana wanachoka na watu wa kuwapiga foto bila salamu, mimi niliwachapishia kila mutu yake na sasa wananiita wenyewe. Na usielekeze apareyi kwenye askari, daraja ao uwanja wa ndege, hiyo unajua.

Kisha chukudu niliingia ku ndege. Huku mawe ya volkano ni nyeusi fasi yote, kwa hiyo ile hesabu ya -1 niliijua bila kupenda, ukuta wa kila parcelle ni gorila haha. Wewe kule Bukavu una ziwa. Enda asubuhi ku maji, utaona kale kandege keupe na keusi kenye kanasimamaka hewani pahali pamoja mabawa yanapiga, halafu kanajitupa mu maji sawa jiwe. Vitabu vinakaita mdiria. Yule ni mwalimu wa bure: anasimama hewani sekunde kadhaa, anakupa wakati wa kuweka fokasi, kisha anakuadhibu. Weka 1/1600 kupanda, fokasi ya kufuata (ku Canon ni AI Servo), piga mfululizo. Mwewe wa mu mji nao ni wazuri, wanazunguka juu ya masoko siku yote, ila mweusi kwenye anga nyeupe: kule unaONGEZA, usipunguze, juu sasa ni anga ndiyo inadanganya apareyi. Watu wengi wanajifunza -1 ya gorila halafu wanaipeleka kila fasi, wanarudi na kivuli.

Na amuka. Huku kwetu jua inatoka karibu saa kumi na mbili, kufika saa mbili na nusu imeshakuwa kali, vivuli vinakata uso. Saa sita lala.

Dada_wa_Miti

Moja kwanza: bale ba Kahuzi-Biega si gorila ba mulima kaka, bale beko Virunga na kule Rwanda na Uganda. Betu ni ba Grauer, nyama yenye iko mu Kongo tu, fasi ingine ya dunia haiko. Ukiandika vibaya chini ya foto bazungu batakucheka, na watoto betu batasoma ile makosa.

Ndugu yangu alikuwaka pisteur (mutu wa kufuata alama za gorila mu parke), kwa hiyo haya ni yake. Flashi hapana, hiyo uliambiwa. Lakini ata ile taa ndogo yenye inawaka yenyewe kusaidia fokasi uizime, na ile sauti ya "pipi" uizime. Mask: pumzi inapanda juu inafunika kioo ya kuangalilia, unafikiri foto haiko nete kumbe ni mvuke yako mwenyewe, kaza ile waya ya pua mbele ya kufika. Ukiwa na mafua baki nyumbani ata kama ulilipa, gorila anakamata ugonjwa ya mutu.

Na foto 400 mu saa moja ni mingi mno. Ndugu yangu alisema bageni bote banafanyaka hivyo, dakika kumi za kwanza banapiga migongo. Uliza pisteur kwa sauti ya chini gorila anaelekea wapi, juu yeye anajua mianzi ya wapi iko na machipukizi, halafu simama upande ule, chuchumaa ukuwe sawa na macho yake, ungojee. Ataingia mwenyewe fasi yenye mwangaza inashuka kati ya miti. Ukiona ka nyota kadogo ka mwangaza mu jicho yake, piga. Usipokaona, acha kidole.

Lushois_asiye_na_haraka (Lubumbashi)

Byote bisuri, ila hakuna mwenye aliuliza: ulipiga JPEG, ile foto yenye apareyi inapika yenyewe na kutupa mabaki? Mina hakika ulipiga JPEG juu ya ndoa, ile ya kupeana bile bile. JPEG yenye majani yameungua imekufa, hakuna dawa. Piga RAW, fichie yenye inabakisha byote apareyi iliona, ku RAW ungerudisha ata makumi mbili ku zile 400. Najua inakula karte na odinateri inalia, njo maana Dada amesema usipige 400.

Huku kwetu miye nafanyaka mazoezi ku zoo. Batu benyi banazarau, banasema si pori. Lakini nyama ni nyama, anageuka, anakula, anakasirika. Waya ya mbele? Bandika objektifu karibu kabisa na waya, ngojea nyama akuwe mbali kidogo na ile waya, fungua diafragma yote, waya inapotea sawa mulozi. Na 150-600 sinunui, nimepanga moja wikendi mbili ku mutu wa hapa, nikaona mikono yangu haiko tayari.

Fotografu_wa_ndoa (Bukavu)

Bakubwa. Ndiyo, JPEG. Ndiyo, ile 50 ilikuwa mu sakoshi, nilisoma pale nikafunga simu dakika tano. Dada, jina nimeshalirekebisha ku zile foto sita.

Jana nilienda na mbuzi ya jirani, nyeusi yote, chini ya avoka kama Mzee alisema. 50 mm, 2.2, ISO 1600, -1, alama moja ku jicho. Kwa bandugu benye habaamini: manyoya inaonekana moja moja, na weusi ni weusi. Ku -1 majani bado ilikuwa inaungua kidogo, nikapeleka -1 na theluthi. Kandege ka ziwa bado kananishinda, niko na foto 60 za maji yenye imeruka.

Shida imebaki moja. Mama mwenye mbuzi aliniona nimechuchumaa mbele yake nusu saa nzima, akafikiri mimi ni munuzi, akaanza ku dola 90. Nikamwambia mama ni foto tu. Akasema basi foto ni dola 5, na mbuzi mwenyewe bado iko 90. Tumeelewana ku dola 2 na foto moja yenye imechapishwa, anataka na yeye mwenyewe aonekane, amevaa kitenge nyeupe, amesimama pembeni ya mbuzi nyeusi. Mzee, hapo sasa naongeza ao napunguza?