Naomba ushauri: ramani ya mbu wa malaria Afrika, nimekwama kwa gambiae

Habari zenu wakuu. Natengeneza ramani ya kufundishia inayoonyesha mbu gani wa malaria anapatikana wapi barani Afrika. Nimekwama kwa Anopheles gambiae.

Kumbukumbu za mbu waliokamatwa kabla ya miaka ya 1960 zimeandika "gambiae" basi. Baadaye ikabainika kuwa hilo ni kundi la spishi zinazofanana: yumo arabiensis anayestahimili ukame na kupenda pia damu ya ng'ombe, yumo merus wa maji ya chumvichumvi ya pwani ya mashariki, na mwaka 2013 coluzzii naye akapewa jina lake. Nimewatazama gambiae na arabiensis kwa darubini: madoa yale yale ya mabawa, vidoa vile vile vya miguu. Bila kipimo cha vinasaba huwatenganishi.

Nilijaribu kukisia spishi kwa kiwango cha mvua. Lakini sehemu nyingi wanaishi pamoja, nikaona nitawapotosha wanafunzi, nikafuta kazi yote.

Halafu kuna Anopheles stephensi, mbu mwingine wa malaria kutoka Asia, nje ya kundi hilo, anayezaliana hata kwenye matangi ya maji mijini. Alionekana Jibuti mwaka 2012, kisha Ethiopia, na bado anasambaa. Huyu ananitia hofu kweli.

Naomba mnisaidie: kumbukumbu za zamani nizipake rangi moja kama "kundi la gambiae", au niziache kabisa? Na stephensi, niweke nukta na mwaka pale alipokamatwa, au nipake eneo zima?