Wadi ya zamani, wagonjwa wanaona nesi ambaye hayupo. Mliofanya kazi hospitali kongwe njooni hapa

SistaZamu
Wakuu habari za jioni. Mimi ni nesi, nimehamishiwa hospitali moja ya enzi za Mjerumani, kuta nene, dari iko juu kabisa, wadi ya wanaume iko mwisho wa korido njia ya kwenda mochwari. Wahudumu wa siku nyingi waliniambia kuna sista mwenye kofia nyeupe anapita saa tisa usiku anafunika wagonjwa shuka, nikapuuza. Sasa wiki hii mzee mmoja kanishika mkono ananiuliza yule mwenzio mbona haongei, na wa kitanda cha jirani nae anasema kamuona. Darini naskia kabisa mtu anatembea. Halafu juzi nimejiegesha kwenye kiti kidogo tu, nikashtuka siwezi kuinua hata kidole na kivuli kimesimama mlangoni. Kazi naipenda na uhamisho sitaki kuomba. Hii kitu ni nini na nifanyeje?

BintPemba
Pole dada. Soma Ayatul Kursi kabla hujaingia zamu, na ukiingia wadini toa salamu hata kama wamelala. Majini yapo, Quran imeyataja, ila mwenye dua hana la kuogopa.

MatroniMstaafu
Mwanangu dua soma, ila baada ya dua shika kipimo. Mgonjwa akikwambia ameona mtu usimcheke wala usimkimbie, mpime hapo hapo: joto, presha, oksijeni, sukari, angalia kama amekojoa, angalia dawa alizopewa jioni. Wazee hasa wakiwa na maambukizi huanza kuweweseka jua likizama na usiku inazidi, anaona watu, anaongea na marehemu mkewe, asubuhi hakumbuki kitu. Enzi zetu malaria kali tulitibu kwa kwinini ya dripu na ile kwinini inashusha sukari, mgonjwa anaanza kupiga kelele kuna watu wamesimama miguuni kwake, ndugu wanataka kumtoa wampeleke kwa mganga, kumbe anahitaji dekstrozi, ile sukari ya dripu, sasa hivi na ukichelewa unampoteza. Nimeona wagonjwa wakisemwa wana mashetani mpaka kunakucha hakuna aliyewapima, hilo linaniuma hadi leo. Wa kitanda cha pili anaweza kuwa amesikia tu mwenzie akisema, wadi ni moja, ila nae mpime usiache.
Hilo la kwako la kwenye kiti ni jinamizi. Akili imeamka mwili bado umelala, na sisi wa zamu tunaolala ovyo ovyo linatupata sana. Lala vizuri mchana, dirisha weka pazia zito.

FundiPaa
Za darini niachie mimi. Bati linachomwa na jua mchana kutwa linatanuka, usiku likipoa linajivuta kwenye misumari, ta... ta... ta, unasikia hatua kabisa. Ongeza popo, na bundi wenye uso mweupe wanaopenda majengo ya zamani, yule akilia ni mtu anapiga yowe. Waambie waende juu mchana na tochi, mavi ya popo utayakuta mengi tu.

MzeeWaGerezani
Naongezea kwa nini stori hizi zinakaa sana kwenye hospitali za mkoloni. Hapa Dar Mjerumani alijenga Ocean Road ikafunguliwa 1897, ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walitibiwa Sewa Haji, hospitali iliyotokana na pesa za yule tajiri Sewa Haji Paroo, na jina lake bado liko kwenye jengo pale Muhimbili. Sasa fikiria mtu wa wakati ule, anachukuliwa damu na mtu asiyejua lugha yake, haambiwi inaenda wapi, ndugu akifa haelezwi kafa na nini. Habari za mumiani, kwamba watu wananyonywa damu ikatengenezwe dawa, zilienea pwani yote na bara. Wazee wetu hawakuwa wajinga, walikuwa hawaelezwi. Hata leo hospitali ikinyamaza, watu watajaza wenyewe.

SistaZamu
Asanteni sana jamani, MatroniMstaafu Mungu akuweke. Niko zamu sasa. Yule mzee sukari iko sawa, ila joto 39.2 na anasema hajakojoa tangu asubuhi, tumbo la chini limejaa gumu. Nimempigia daktari anakuja.

MatroniMstaafu
Andaa mpira wa mkojo na vifaa vyote kabla hajafika, mkojo ukitoka andika kiasi na utenge wa maabara. Mwite kwa jina lake, mwambie yuko wapi na ni saa ngapi, mpe miwani yake kama anayo, na taa moja iache inawaka. Mwanae kama yuko nje mruhusu akae nae. Wa kitanda cha pili joto lake ngapi?